Hadithi ya Shamira Irudi Kitabuni

Risala ya wanachama wa Meza ya Ijumaa, Al Mansoura, Doha, kwa mgeni rasmi, Daktari Githinji, mhariri wa vitabu kutoka Nairobi. Inasomwa na katibu, Jebet.

Mgeni rasmi, Daktari Githinji,
Dada yetu Melissa, uliyetuletea baba yako,
Mwenyekiti wetu Swaibu,
Mama mwenye mkahawa, uliyetuachia chumba hiki cha juu na bado ukatupikia,
Wanachama wenzetu:

Shalom, na salaam aleikum. Tumezitoa zote mbili kwa pumzi moja kwa sababu ndivyo tunavyofungua kila mkutano. Mtu huitikia ile anayoijua, na wapo wanaoitikia zote wasije wakaonekana wameringa.

KARIBU MEZANI

Daktari, karibu sana. Tunajua ulikuja Doha kumwona binti yako, hukuja kutuona sisi, na kwamba saa hizi ungeweza kuwa umejinyoosha kwake mbele ya kiyoyozi. Badala yake umepanda ngazi zetu, ukasalimia kila mtu kwa mkono, hata waliokuwa na mikono ya unga. Tumeliona hilo na tumelipenda. Utuwie radhi kwa kiti. Ndicho kizuri kuliko vyote tulivyo navyo, ila usiegemee kushoto. Chai iliyo mbele yako inaitwa karak. Sukari ilishatiwa huko jikoni na haitoki tena, kwa hiyo kunywa tu.

Labda umeshangaa kuona wengine wameingia na sare za kwaya mfukoni siku ya Ijumaa. Huku mapumziko ni Ijumaa. Wakristo tunakwenda kanisani Mesaimeer asubuhi, wenzetu wanakwenda msikitini adhuhuri, na alasiri tunakutana hapa sote tukiwa tumeoga na tumeshasamehewa. Jumapili sisi ni watu wa kazi. Mama yake Jebet huko Kapsabet hajalikubali jambo hili mpaka leo. Akipiga simu Jumapili akaambiwa binti yuko zamu wodini, anauguza, huguna, halafu huuliza kama huko Uarabuni kuna Mungu wa siku nyingine.

TULIKOTOKA

Meza hii haikuanzishwa na mtu yeyote mkubwa. Ilianza hapo chini, watu wakila chapati. Mmoja akamsomea mwenzake kwenye simu kitu alichoandika akiwa zamu, wa meza ya pili akasema hebu rudia hapo, na Ijumaa iliyofuata wakaja tena. Tuko wauguzi, walinzi, wahudumu wa hoteli, madereva, wa kompyuta mmoja, na mama mmoja anayelea watoto wa watu. Tunatoka Kenya na Uganda. Kiswahili chetu si kimoja, utakisikia, na tumeacha kusahihishana maana tulikuwa tunamaliza alasiri nzima kwa hilo.

Mwaka wetu wa kwanza nusura tuvunjike, na tunataka ujue kwa nini, kwa sababu ndilo lililotukutanisha na wewe kwa namna hii.

Marvin, mlinzi kule Lusail, alileta hadithi inayoitwa "Daku". Daku, kwa asiyejua, ni kile chakula cha alfajiri cha mtu anayefunga. Hadithi inamhusu mlinzi wa geti aliyefunga Ramadhani, jua linamchoma, na kila gari linalopita dereva amebeba chupa ya maji yenye jasho. Marvin akaisoma mwenyewe. Alipomaliza tu, Swaibu, huyu huyu mwenyekiti wetu, dereva kutoka Jinja, akamuuliza:

"Bwana Marvin, wewe umefunga lini?"

"Sijafunga. Nimekaa zamu moja na mtu aliyefunga, mwezi mzima."

"Basi si angeandika yeye?"

Kutoka hapo hatukuzungumza tena habari ya hadithi. Tulizungumza habari ya Marvin. Kwamba baba yake ni shemasi. Kwamba mchana ule ule alikuwa amekula wali kuku mbele ya watu. Kwamba anatafuta sifa kwa Waislamu. Na upande wa pili nao ukawaka, ati kama ni hivyo basi na nyinyi msitie mguu katika hadithi za Krismasi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama yule mlinzi wa kwenye hadithi anaaminika, kama kiu yake inamkausha msomaji koo. Marvin akatia simu mfukoni akashuka ngazi. Akaja kurudishwa na huyo huyo Swaibu, aliyemfuata Lusail na gari lake, wakakaa ndani humo, wakapatana. Walichoambiana hawajatuambia.

Ndipo tukaweka desturi yetu, na hatujaivunja tangu siku ile: mwenye kazi hasomi kazi yake. Anaisoma mwingine, na jina la mwandishi halitajwi mpaka kila aliye mezani amesema lake. Mwandishi mwenyewe yumo humo humo, anakunywa chai, anatoa maoni kama wenzake asije akajulikana. Wapo waliojifunza kujisema vibaya kwa ustadi mkubwa. Shamira ndiye bingwa wao. Siku moja aliiponda kazi yake hadi Proscovia, anayelea watoto, akasimama kumtetea mwandishi huku machozi yakimtoka. Tulicheka mpaka mama akatugongea dari kwa mwiko.

TULICHOFANIKIWA

Tumepata hadithi za kutosha kitabu. Melissa, ambaye huja hapa kusikiliza na hakubali kuandika, akakuambia, nawe ukasema tukutumie. Wengi wetu hatuna pa kukaa tukapiga chapa, kwa hiyo tulizirekodi kwa sauti. Na tulizirekodi kwa desturi yetu: kila hadithi ikasomwa na asiyeiandika, bila jina. Ukakubali kuzisikiliza hivyo, ukasema majina utayachukua mwisho. Tulikushukuru wakati ule na tunakushukuru tena.

Majibu yako tuliyasikiliza hapa, simu imewekwa katikati ya meza imeegemezwa kwenye kopo la sukari. Daktari, hujui ulitufanyia nini. Kuhusu "Daku" ulisema, tunayakumbuka maneno yako: "Hapa nimemsikia Mwislamu wa kweli akizungumza. Mtu wa nje hawezi kuijua kiu hii." Na kuhusu hadithi inayoitwa "Sauti ya Pili" ulisema ndiyo bora kuliko zote. Ukasema, "Huyu amelelewa ndani ya kwaya. Pale aliposema 'walimwimbia sehemu yake bila kumwambia' nilisimamisha gari. Hilo ndilo kanisa."

Tulipiga vigelegele. Mama akapanda kuuliza ni nani anayeolewa.

YANAYOTUKWAZA

Risala hutaka changamoto, nazo tunazo. Zamu hubadilishwa usiku wa kuamkia Ijumaa. Kiangazi ngazi hizi huwa tanuri. Wasimamizi wengine wakisikia mtu anaomba ruhusa kwenda kusoma hadithi humuuliza kama ameugua. Hayo tumeyazoea, na hatukukupandisha huku kwa ajili yake.

Kilichotukwaza ni hiki.

Ulimpigia Jebet simu kumpongeza kwa "Sauti ya Pili", kwa kuwa sauti uliyoisikia ni yake. Jebet akakwambia asante Daktari, mimi ni msomaji tu, hadithi ni ya Shamira. Ukauliza Shamira gani. Akakwambia ni Mganda wa Mbale, anasafisha vyumba hotelini. Ukauliza, "Ni Mwislamu?" Akasema ndiyo. Ukasema utapiga tena. Hukupiga, uliandika. Ulisema umeisikiliza upya, na kwamba sasa unaona mwandishi anawaonyesha waumini kama watu wanaofungua midomo bila imani. Ulisema ibaki nje ya kitabu kwanza. Ulisema tumshauri mwandishi aandike kitu cha kwao, pengine Idi au mfungo.

Mgeni rasmi, wewe ni mtu mzima, umesoma kazi nyingi kuliko miaka yetu ikijumlishwa, na tunakuheshimu. Ndiyo maana tunakwambia mbele yako, hatusemi ukishashuka ngazi. Rekodi uliyoisikiliza mara ya pili ndiyo uliyoisikiliza mara ya kwanza. Sauti ni ya Jebet yule yule. Maneno ni yale yale, hata kikohozi cha Jebet katikati kipo pale pale. Mara ya kwanza ulisimamisha gari kwa upendo. Mara ya pili, sentensi ile ile ikawa tusi. Tumeitafuta hiyo dhihaka ndani ya hadithi, tukaisikiliza Wakristo peke yetu na Waislamu peke yao, na hatukuipata. Tumeumia, Daktari. Hatutalizungusha hilo.

Hofu yako tunaielewa. Wapo watu wanaoandika ili kuudhi dini ya jirani, tumewasoma, na kitabu chenye jina lako hutaki kiwachome waumini. Sawa. Basi sikia hadithi hii ilivyopatikana. Mwenyewe ametupa ruhusa, naye ni Carolyne, aliyekaa karibu na dirisha.

Carolyne na Shamira wanalala chumba kimoja hapa Al Mansoura. Vitanda ni viwili, na katikati nafasi ya kutosha mkeka mmoja wa kuswalia. Carolyne akifanya mazoezi ya kwaya na kisikizi sikioni, Shamira huzima feni ili mwenzake ashike noti, nao wote wawili huloa jasho. Shamira akitandika mkeka, Carolyne husogeza viatu na kuzima wimbo. Hakuna aliyewahi kumwomba mwenzake. Ni mambo ya chumba kidogo.

Mama yake Carolyne alifariki huko nyumbani Kakamega na Carolyne hakuweza kwenda kumzika. Wengi wetu humu tunajua maana yake, hatutaeleza. Ijumaa iliyofuata alikwenda Mesaimeer, akavaa sare, akasimama katika mstari wa sauti ya pili, akafungua kinywa na hakikutoka kitu. Ijumaa nyingine vivyo hivyo. Wenzake wa kulia na kushoto hawakumwuliza, hawakumwangalia. Waliongeza sauti tu, pengo lisisikike. Akirudi chumbani alimwambia Shamira, "Leo tena wameniimbia." Wiki kadhaa ilikuwa hivyo. Shamira akamwuliza, "Nikiiandika utakasirika?" Carolyne akamjibu, "Iandike wewe. Mimi nikianza nitashindwa."

Hiyo ndiyo "Sauti ya Pili". Sasa utuambie Daktari, katika chumba kile, mtu wa nje ni yupi?

Ujumbe wako Shamira aliusoma mara moja. Akasema, nusu Kiganda nusu Kiswahili, "Kale, sawa." Akauliza kama kuna chai. Baadaye akamfuata Jebet kwenye ngazi akamwambia, "Weka jina lako. Bora isomwe." Jebet, mnamjua, alipandwa na hasira ambazo hata wodini hawajaziona. Akamwambia, "Ikiwa na jina langu ni ibada, ikiwa na lako ni matusi? Basi watu hawasomi hadithi, wanasoma kitambulisho!" Hapa Doha kila mlango tunaoingia tunaonyesha kadi, na hatulalamiki, ni sheria ya milango. Lakini hadithi tulidhani ingeingia bila kukaguliwa.

Tuseme pia kwamba maneno haya ya kumsifu Jebet hakuyaandika Jebet. Alitaka kuyaruka akisoma, tumemkataza.

Tangu siku ile Shamira hajaleta kitu mezani. Anakuja, anasoma za wengine, anaosha vikombe. Mkataba wake umekwisha na mwezi huu anarudi Mbale. Alishamwambia mama yake kwamba kuna kitabu kinakuja na jina la ukoo wao limo. Mama ametangaza mtaa mzima. Shamira hajapata namna ya kumwambia kwamba jina limetolewa.

Liko na jambo la pili, na tunataka ulisikie kutoka kwetu. "Daku", hadithi uliyosema ni ya Mwislamu wa kweli, sauti uliyoisikia ni ya Swaibu. Aliomba mwenyewe kuisoma, na sisi tuliopo hapa tunajua kwa nini. Mwandishi ni Marvin. Marvin, simama uonekane. Baba yake bado ni shemasi. Na Marvin bado hajafunga hata siku moja, kwa kweli mandazi yaliyopungua kwenye sahani yako ni yeye. Hatukukudanganya, Daktari. Ya Shamira uliuliza dini, ya Marvin hukuuliza, kwa kuwa uliona unaijua.

Marvin amesema kama ya Shamira itatolewa kwa ajili ya dini yake, na yake itolewe kwa ajili ya dini yake, sheria iwe moja. Tumemwambia atulie kwanza. Swaibu naye ameomba tukufikishie salamu zake kama alivyozisema: "Mwambieni Daktari asione haya. Mimi nilimfanyia Marvin hivyo hivyo, na nilikuwa nimekaa naye meza moja, namwona usoni. Yeye alikuwa mbali."

TUNACHOOMBA

Ombi letu la kwanza ndilo kubwa, na hata ukitunyima mengine utupe hili. Hadithi ya Shamira irudi kitabuni, ilivyo, pale ilipokuwa, na chini yake liandikwe jina la Shamira. Si la Jebet, wala jina la kubuni. Na irudi kabla hajapanda ndege, ili habari hiyo aende nayo nyumbani mdomoni mwake.

Pia tungependa katika kitabu majina yawekwe mwisho wa kila hadithi badala ya mwanzo. Tunajua wachapishaji hawafanyi hivyo. Jaribu. Utaona watu wakifika mwisho wakirudi kuangalia walichokuwa wamefikiri.

Hatuombi huruma. Kazi ikiwa mbovu, ikatae kwa ubovu wake, tena useme wazi. Shamira anajua kukataliwa. Hadithi yake ya mbuzi wa arusi tuliikataa mara tatu, na haki ilitendeka. Ukitaka kujua kama amewasingizia wanakwaya, Carolyne yuko hapo dirishani na sehemu kubwa ya sauti ya pili iko karibu naye. Waulize.

Na ikiwa baada ya yote bado jibu lako ni hapana, tunaomba umwambie mwenyewe, leo, uso kwa uso, umpe sababu iliyomo ndani ya hadithi. Yumo humu. Hatutakuonyesha ni yupi. Usimtafute kwa kitambaa cha kichwani, akina dada leo wote wamejifunga, hata Jebet na nywele zake alizosuka juzi. Walikubaliana wenyewe huko kwenye simu zao, wanaume tumekuta tu.

KWA KUMALIZIA

Mgeni rasmi, hatujakuita kukuaibisha mbele ya mwanao. Melissa aliisoma risala hii jana, akafuta macho, akasema, "Msomeeni. Baba ni msikivu." Tumemwamini. Mtu anayesimamisha gari barabarani kwa ajili ya sentensi moja ya mtu asiyemjua, huyo ni mtu wetu. Tunamtaka yule wa mara ya kwanza arudi.

Mwenyezi Mungu, tunayemwomba kwa mikono iliyofumbatwa na kwa mikono iliyokunjuliwa, akulinde safarini, akupe afya, akuhifadhie macho yako na masikio yako, maana sisi tunaishi kwa hayo. Ambariki Melissa. Amrehemu mama yake Carolyne.

Limebaki jambo moja, nalo ni la desturi. Uliambiwa kwamba hapa mwenye kazi hasomi kazi yake. Risala hii ni kazi kama kazi nyingine. Aliyekusomea ni Jebet, na hakuiandika yeye. Aliyeiandika yumo humu chumbani, ameshika kikombe, anangoja kama sisi sote. Huenda alikuwa kanisani asubuhi, huenda alikuwa msikitini adhuhuri. Kama imekuchekesha mahali, tuambie ni wapi. Kama imekuudhi, tuambie pia. Ukishamaliza kusema, ndipo tutakutajia jina.

Ni sisi, Meza ya Ijumaa, Al Mansoura.

Daktari, tunakusikiliza.